Kilio cha Jirani ni Kazi ya Kikundi

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kabuchai)



 Leo sitaongea juu ya kuku wala mbolea. Nitaongea juu ya jambo linalovunja vikundi vyetu kimyakimya, yaani kupigana nyumbani.

Uchunguzi wa serikali juu ya afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya, wanawake 34 kwa kila 100 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Hapa kwetu Bungoma ni 62. Tulishinda kaunti zote, na ushindi huu ni aibu. Tukiketi akina mama kumi, sita wanayajua maumivu hayo.

Mambo yanavyokwenda tunayajua. Mama anakosa mkutano. Wiki inayofuata anakuja jicho limevimba, anasema aligongwa na mlango. Sisi tunanyamaza, eti ni mambo ya mtu na bibi yake. Akikimbilia kwao anaambiwa ng'ombe wa mahari walishaliwa, rudi uvumilie. Wazee wakiketi, mume anatozwa jogoo, mambo yanaisha. Kweli yanaisha?

Siwadharau wazee. Ugomvi wa maneno au wa pesa za miwa, wao huutatua vizuri kuliko korti. Lakini mtu akiumizwa, hilo ni kosa la jinai, na jogoo halifuti kosa la jinai. Kesi ya kubaka au kunajisi mtoto ndiyo kabisa haimalizwi kijijini. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haimpi hata polisi ruhusa ya kuiacha kwa uamuzi wake.

Tena iko Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015. Sheria hii haitaji kipigo peke yake. Inataja pia kunyang'anya mtu mali, kutisha, kusumbuliwa na wakwe, na kulazimisha mjane kurithiwa. Inamlinda mwanamke, mwanamume na mtoto. Korti inaweza kutoa amri ya ulinzi, na anayeivunja anaweza kufungwa.

Sasa mtu atauliza, tufanye nini usiku kilio kikisikika? Shikeni haya:

1. Usalama kwanza. Mtoe mama na watoto, wapeleke nyumba salama. Msiende mtu mmoja.

2. Hospitali mapema. Aliyebakwa apate dawa ya kuzuia ukimwi kabla ya saa 72 kupita. Asioge, asifue nguo. Nguo ziwekwe kwenye karatasi, si plastiki, zisiharibu ushahidi.

3. Polisi. Andikisheni habari, mchukue namba ya O.B. na fomu ya P3. Fomu hiyo haiuzwi. Mama ana haki ya kuomba aandikishe maneno yake kwa askari wa kike. Polisi wakikataa kusaidia, malalamiko yanapelekwa kwa IPOA, mamlaka inayosimamia polisi.

4. Namba 1195 ni ya bure, usiku na mchana. Ya watoto ni 116.

Lakini ndugu zangu, sheria haina miguu. Akina mama wengi hawafiki hospitali kwa sababu hawana nauli ya bodaboda. Wengine wanaondoa kesi kwa sababu watoto wanalala njaa baba akiwa ndani. Hapo ndipo kikundi kina nguvu. Mkitenga hata shilingi kumi kwa kila mwanachama kila mkutano, mtakuwa na nauli ya usiku na debe la mahindi la mwezi ule mgumu. Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, watakaomsindikiza mpaka kortini. Na siri yake isitoke nje ya kikundi.

Akina baba, nawaomba ninyi zaidi. Mwanamume mwenzako anayepiga hatanisikiliza mimi. Anakunywa busaa na wewe. Mwambie wewe, tena akiwa hajalewa.

Na tusimwambie tena mama kwamba uvumilivu ndio msalaba wake. Yesu alibeba msalaba kwa kupenda, hakuna aliyepewa ruhusa ya kumpiga mwenzake nao.

Kila kikundi kijadili jambo hili katika mkutano unaokuja, katibu aandike uamuzi kwenye kitabu cha kumbukumbu.