PAMBA YA BARIADI NA SIASA YETU YA NJE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Ikitajwa siasa ya nje, wengi hudhani ni shughuli ya mabalozi na karamu zao. Nakuombeni twende kwanza Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Huko mkulima wa Kisukuma hulima pamba, na sehemu kubwa ya pamba hiyo, ikishachambuliwa, husafirishwa ng'ambo. Bei yake hutegemea masoko asiyoyaona. Hali yake ndiyo hali ya mwenye mikarafuu wa Wete, ambaye zao lake hununuliwa India na Indonesia. Basi nchi ikipatana au ikigombana na mataifa, wawili hawa ndio wa mwanzo kuonja.

Sasa tutazame yaliyopita. Rais John Magufuli alishika madaraka Novemba 2015, na mpaka alipofariki Machi 2021 hakufanya ziara hata moja nje ya bara la Afrika. Tarehe 19 Machi 2021 akaapishwa Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa visiwa hivi. Aprili akawa Uganda. Mei akalihutubia Bunge la Kenya. Septemba akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Chanjo ya Korona, iliyokuwa ikibezwa, ikapokewa Julai mwaka ule ule. Katiba ilikuwa ile ile, na chama kinachotawala kile kile. Aliyebadilika ni mtu mmoja.

Hatusemi kwamba mabadiliko yale yalikuwa mabaya. Kufunguliwa mlango kuna kheri yake. Lakini mlango ambao ufunguo wake umo mfukoni mwa mtu mmoja, ajaye kesho aweza kuufunga.

Na sisi Wazanzibari? Mambo ya nje ni ya Muungano tangu 1964. Kwa hoja hiyo, mwaka 1993 Zanzibar ilijitoa katika Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, iliyokuwa imejiunga nayo muda mfupi kabla. Mzanzibari kuingia Ikulu ni fahari. Lakini cheo cha mtu si haki ya nchi.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Mikataba mikubwa na mataifa ijadiliwe waziwazi kabla ya kutiwa sahihi. Na sauti ya Zanzibar katika mambo ya nje iandikwe katika sheria, isiachiwe hisani ya mtu. Hapo mkulima wa Bariadi na mwenzake wa Wete watapanda wakijua kesho yao haitageuzwa kwa kubadilika Rais.