Miaka Kabla ya Moto: Ufuasi wa Kimya katika Ikulu ya Buganda

Waheshimiwa mapadre, watawa, makatekista wenzangu na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nimeombwa niseme juu ya kumfuasa Kristo kimya kimya mahali ambapo imani inachukiwa. Kila tarehe 3 Juni tunawaadhimisha Mashahidi wa Uganda, na mahubiri mengi huanzia kwenye moto wa Namugongo, walikochomwa wengi wao. Naomba leo turudi nyuma kidogo. Tumezoea kusherehekea siku waliyokufa, na miaka waliyoishi tumeiacha bila kuisoma.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, hali ilipokuwa ya hatari katika ikulu ya Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, wakaondoka kwenda kusini mwa ziwa. Waliowaacha nyuma walikuwa wachanga mno katika imani: Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili mwaka huohuo. Hapakuwa na Misa wala kitubio. Lakini mapadre waliporudi Julai 1885, walikuta wakatekumeni wameongezeka. Vijana walikuwa wamefundishana wenyewe, mara nyingi usiku, baada ya kazi za ikulu. Nasi wanajumuiya tuna la kujibu hapa, maana padre akichelewa majuma mawili tu, wapo kati yetu wanaoacha hata kusali pamoja.

Mukasa alikuwa mkuu wa vijana waliomhudumia Mwanga, aliyerithi kiti baada ya Mutesa kufariki mwaka 1884. Kazi yake aliifanya vizuri hata Kabaka akamwamini. Hakusimama barazani kuhubiri. Mwanga alipowataka vijana kwa tamaa zake, Mukasa aliwaondoa machoni pake na kuwaonya wasikubali. Ndipo ikaja habari kwamba Askofu Hannington wa Waanglikana anakuja kupitia Busoga, na Kabaka akaamuru auawe. Mukasa akamwambia bwana wake waziwazi kwamba jambo hilo ni baya. Hannington aliuawa tarehe 29 Oktoba 1885, na Mukasa tarehe 15 Novemba.

Kwangu mimi hiki ndicho kipimo. Juu ya imani yake mwenyewe Mukasa aliweza kunyamaza miaka. Juu ya damu ya mwenzake hakunyamaza, tena mwenzake huyo hakuwa hata wa dhehebu lake.

Karoli Lwanga alishika nafasi yake bila kelele. Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko ziwani, akiwa na hasira, akakuta wahudumu hawapo. Mmoja wao, Dionisi Ssebuggwawo, alikuwa akimfundisha dini Mwafu, mtoto wa Katikkiro (waziri mkuu). Kabaka akampiga mkuki. Usiku ule, akiona kifo kimekaribia, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni wanne: Kizito, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Padre hakuwepo pale, lakini Lwanga alijua la kufanya kwa kuwa alikuwa amefundishwa mapema.

Tusisahau pia, kwa haki, kwamba katika ardhi hiyohiyo, miaka kama kumi kabla, Mutesa aliwaua Waislamu waliokataa kuvunja dini yao. Uhasama dhidi ya imani si mali ya dini moja.

Na leo? Mabinti wetu wanakwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni. Oman yapo makanisa, kama lile la Ruwi, Muscat. Saudi Arabia hakuna hata moja. Binti anaishi nyumbani kwa mwajiri, pengine simu yake imeshikwa, na Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Tunamwaga kwa pilau na maombi, kisha tunamwachia Mungu peke yake.

Naziomba parokia zenu zifanye lile ambalo Mukasa na Lwanga walilifanya. Kabla binti hajapanda ndege, akae na katekista. Ajue sala zake kwa moyo, ajue namna ya kubatiza aliye katika hatari ya kufa, ajue kukataa dhambi bila kumtukana mwajiri. Apewe pia mtu mmoja wa jumuiya atakayemtafuta kila mwezi hadi arudi. Tuanze na wale ambao viza zao zimeshatoka.