Makuzi, Mahaba na Njeo: Vuta N'kuvute Kutoka Kitabuni Hadi Kwenye Filamu



Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa fasihi andishi na filamu. Mimi ni mtu wa sarufi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiingia katika mada hii kwa mlango wa viambishi. Mfano wangu ni mmoja tu: Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 1999, na filamu yenye jina hilohilo iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto mwaka 2021.

Wengi wenu mliisoma riwaya hii mkiwa kidato cha tano na cha sita. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa. Anahamishiwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, anakataliwa na jamaa zake, kisha anapokewa na Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiye na mali. Huko ndiko anakojuana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye askari wa serikali ya Mwingereza wanamwandama kwa ajili ya siasa zake. Filamu imelichukua pendo la Yasmin na Denge, ikaliweka katikati, ikalizungushia Zanzibar ya miaka ya 1950: vichochoro vya Mji Mkongwe, mavazi, nyimbo. Riwaya ya makuzi imekuwa filamu ya mahaba ya zama zilizopita.

Kwa nini mageuzi yafuate njia hiyo na si nyingine? Jibu jepesi, kwamba mapenzi huuza tiketi, halinitoshelezi. Naona sababu mojawapo imo katika njeo.

Makuzi ya mhusika ni mambo ya mazoea. Mtu hakui siku moja. Hukua kwa kurudia. Msimulizi wa Kiswahili amejaliwa kiambishi hu- kwa kazi hiyo. Akisema "msichana huamka mapema, huteka maji, huenda sokoni na shoga yake, hurudi wakicheka" (mfano ni wangu, haumo kitabuni), amekwisha kutupitisha miezi mingi katika sentensi moja, na tunapotoka humo tunamkuta msichana si yule tuliyeingia naye. Akitaka mambo yaende mbio anashika -ka-, na matukio yanafuatana kama shanga uzini. Kamera haina hu-. Hutuonesha asubuhi moja. Ikitaka kutueleza kwamba kila asubuhi ndivyo ilivyo, yapasa ituoneshe ya pili na ya tatu, na filamu yenyewe ina kiasi cha saa moja na nusu tu. Picha husema kwa -na-: anaamka, anateka, anacheka. Sasa, mapenzi huivumilia -na- vizuri sana. Jicho likikutana na jicho, mtazamaji amekwisha kuelewa, wala hakuhitaji miezi sita. Hivyo mwongozaji anayetafuta kitu kitakachobeba mabadiliko ya Yasmin kwa muda mfupi, pendo linamjia mkononi lenyewe.

Gharama yake si ndogo. Katika riwaya, anayemlea Yasmin upya ni Mwajuma, kwa kumpa chumba, chakula, mzaha na lugha ya mtaa; na maisha ya Yasmin hayakomi kwa Denge, bali yanavuka hadi bara na hadi ndoa nyingine. Mwanafunzi atakayeiona filamu akaacha kitabu anaweza kudhani kwamba Yasmin alikombolewa na mwanamume. Hili ndilo linalonitia hofu, maana kishawishi cha kuwaonesha vijana filamu badala ya kuwasomesha kurasa ni kikubwa. Hata hivyo, tuwe waadilifu: nafasi ya Mwajuma amepewa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, na huo ni uamuzi wa busara. Wimbo hurudiwa. Kiitikio ndicho kitu kinachoikaribia hu- kuliko vyote ambavyo filamu inavyo.

Kuna na neno Ng'ambo. Ni jina la mahali, lakini asili yake ni neno la kuelekeza: ng'ambo ni upande ule, na anayesema amesimama upande huu, yaani Mji Mkongwe, ukingoni mwa hori lililokuwa likiigawa miji hiyo miwili. Wakazi wa Ng'ambo hujiita kwa jina walilopewa na macho ya wengine. Yasmin akihamia kwa Mwajuma, "upande ule" unakuwa nyumbani na jina halibadiliki. Msomaji huisikia kejeli hiyo kila neno litokeapo. Kamera ikishavuka, imevuka. Kila inaposimama ni hapa.

Kuhusu lafudhi nitasema machache. Kitabuni, Mhindi, Mswahili na Mwingereza wote wanapita katika kalamu ya msimulizi mmoja; kwenye filamu kila mmoja hana budi kufungua kinywa chake, na sikio la Mzanzibari ni hakimu mkali.

Nimalizie na jina. Nje ya nchi filamu inaitwa Tug of War, yaani mchezo wa kuvutana kamba. Jina hilo linataja mchezo, haliwataji wachezaji. Tazameni la Kiswahili: vuta ni amri, inamwelekea nafsi ya pili, katika n'kuvute, n' ni ufupisho wa ni- ya nafsi ya kwanza, ku- ni yambwa ya nafsi ya pili, na -e ni ya dhamira. Mimi na wewe tumo humo sote wawili, na aliyetakiwa aanze kuvuta ni wewe. Je, "wewe" huyo ni Mwingereza, au ukoo wa Yasmin, au Denge? Sarufi haimlazimishi mtu kuchagua, na ningependa wanafunzi wa mwaka wa tatu waanzie hapo katika maswali yao.