Kifo cha ghafula: tuuulize moyo kwanza



Mfuko wetu unajua sana kununua sanduku na kulisha watu wa kilio. Baba wa miaka 50 anatoka shamba, anashika kifua, anaanguka, ni kwisha. Kabla hajazikwa, sauti inapita: "Walimupatia sumu." Na juu ya sisi tuliorudi tukakuta watu wengine katika mashamba yetu, jina la kushutumiwa liko tayari.

Sasa tusikilizane. Moyo ni nyama inayofanya kazi, nao unahitaji damu yake. Inapita katika mishipa inayouzunguka. Hata mikubwa ina upana wa milimita 3 au 4 hivi. Kwa miaka mingi mafuta yanajikusanya katika ukuta wa mshipa, njia inakuwa nyembamba. Presha, ile tunayoita tansio, sukari na tumbaku vinaharakisha. Siku moja utando wa yale mafuta unapasuka, damu inaganda hapo, njia inafunga. Moyo ukikosa damu unaweza kupoteza mapigo, unatetemeka tu bila kusukuma. Mtu anazimia kwa sekunde chache. Bila msaada, dakika chache tu amekufa. Hakuna aliyempa kitu.

Hatusemi kila kifo cha ghafula ni mishipa hii. Tansio inaweza pia kupasua mshipa wa kichwa, na moyo una magonjwa mengine. Lakini bila uchunguzi wa daktari, anayesema sumu ameijua wapi?

Wengine hawapati dalili yoyote mbele. Wengine wanaonywa: kifua kinabana wakipanda mlima na mzigo, wakipumzika kinaachia. Maumivu yanaweza kwenda mkono wa kushoto, taya au mgongo. Mama, au mwenye sukari, anaweza kuchoka tu, kukosa pumzi, kutapika, na sisi tunasema ni tumbo! Kifua kikibana bila kuachia, mgonjwa abebwe kwa muganga hata usiku. Asitembee kwa miguu.

Kamati inaomba sehemu ya pesa za kilio inunue mashine 2 za kupima tansio. Kila mwanachama aliyepita miaka 40 apimwe siku ya mkutano; akipatikana na 140 kwa 90 au zaidi, arudie siku nyingine, na ikibaki hivyo aende kituo cha afya. Wafadhili wetu, dawa za tansio ni za kila siku, si za wiki moja. Hapo ndipo tunawahitaji. Kura ni Jumapili.