Nani Atamlipa Mwalimu wa Watoto Wadogo?

Hotuba ya Halmashauri ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nairobi



Katika taarifa ya mwaka huu mmekwisha kusikia habari za mazishi, za wagonjwa na za hesabu ya fedha. Imebaki habari ya wale wasioweza kuja mkutanoni kujisemea, yaani watoto wetu wa miaka minne na mitano. Twaomba mtusikilize kwa subira, kwa kuwa mwishoni tutawaomba mkate shauri.

Wazee walio hapa hawana haja ya kufundishwa jinsi shule za chekechea zilivyoenea katika nchi hii. Baada ya Uhuru wa 1963 nyingi zilijengwa na wazazi wenyewe kwa moyo wa harambee. Huyu alileta mabati, yule mbao, akina mama wakateka maji, na mwalimu akalipwa kwa senti zilizochangwa kila mwezi. Serikali ilisaidia kwa upande wa mafunzo. Mpango wa elimu ya watoto wadogo ulianzishwa katika Taasisi ya Elimu mwaka 1971, na kituo cha taifa cha kazi hiyo kikaanza mwaka 1984. Lakini mshahara wa mwalimu, kwa sehemu kubwa, ulibaki mabegani mwa wazazi.

Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na watoto wakafurika madarasani. Tulifurahi, na ilitupasa kufurahi. Hata hivyo chekechea haikutiwa katika mpango ule. Wazazi wengine wakaulizana, kwa nini tulipie mtoto mdogo, hali darasa la kwanza ni bure? Wakamweka mtoto nyumbani mpaka afike umri, naye akaingia shuleni hajapata kushika kalamu.

Kisha ikaja Katiba ya 2010, iliyoikabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka 2013. Mtaala mpya ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 uliweka miaka miwili ya chekechea kuwa mwanzo wa masomo ya kila mtoto. Basi tazameni jambo hili. Katika kiwanja kimoja cha shule ya umma, mwalimu wa gredi ya kwanza ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na mwalimu wa chekechea, aliye hatua ishirini tu kutoka kwake, ni mtu wa kaunti. Mtoto anayevuka uwanja huo hajui habari za waajiri wawili, ila mwalimu wake anazijua sana. Katika kaunti nyingi walimu hawa wamefanya kazi kwa mikataba ya muda mfupi, na mishahara yao imekuwa ikitofautiana kaunti kwa kaunti.

Katika jambo hili watu wamegawanyika, hata ndani ya Chama chetu. Wako wasemao kwamba kisicholipiwa hakithaminiwi, kwa hiyo mzazi aendelee kulipa. Twawajibu kwa heshima kwamba mama anayefua nguo za watu mtaani Mukuru, akilipwa kwa siku, huthamini shule kuliko sote, lakini wiki ya mvua hana cha kutoa. Wako wasemao walimu wote wahamishiwe kwa Tume. Neno hilo lina nguvu, ila lagusa mgawanyo wa kazi uliowekwa na Katiba, nasi hatuwezi kuwaambia watoto wangoje mpaka wakubwa wamalize kesi zao. Wengine husema, jengeni madarasa kwanza, walimu watapatikana. Hao ndio twaogopa maneno yao zaidi, maana jengo huonekana na hufunguliwa kwa sherehe, bali mshahara ni deni linalorudi kila mwezi, wala haukatiwi utepe.

Tusidhani kwamba taabu hii ni ya maskini peke yao. Jiji la New York, lenye utajiri mwingi, lilifika njia panda hiyo hiyo. Mwaka 2014 Meya Bill de Blasio aliahidi chekechea ya siku nzima, bila malipo, kwa kila mtoto wa miaka minne. Alitaka fedha zitokane na kodi ya wale wenye kipato kinachozidi dola 500,000 kwa mwaka. Gavana wa jimbo, Andrew Cuomo, aliikataa kodi hiyo, na baada ya mabishano makali bajeti ya jimbo ikatoa dola milioni 300 kwa jiji. Watoto wa masomo ya siku nzima, waliokuwa kama 20,000, wakapita 50,000 mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Kila darasa liliwekewa watoto 18 hivi, pamoja na mwalimu na msaidizi wake.

Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini nafasi nyingi zilikuwa katika vituo vya jumuiya, vyama kama hiki chetu, na walimu wa huko walilipwa kidogo kuliko wenzao wa shule za jiji, hata walipokuwa na vyeti sawa. Basi wengi walipohitimu walihama. Vituo vikawa kama kisima kinachochotwa na jirani kila asubuhi. Ilikuwa mwaka 2019, baada ya miaka mitano, ndipo mapatano yalipofanywa ya kuipandisha mishahara hiyo. Fedha za kufungulia milango zilikuwa zimepatikana, bali suala la mwalimu liliwekwa nyuma.

Sasa, ndugu zetu, tusiwanyoshee wengine kidole tukasahau nyumba yetu. Chama hiki kina darasa la chekechea katika ukumbi tunaoukodi. Mwaka uliopita tulipaka rangi, tukanunua viti vidogo, tukapiga picha. Mwaka huo huo tulimcheleweshea mwalimu mshahara wake kwa miezi mitatu, kwa sababu fedha zake zilikaa katika mfuko mmoja na fedha za mazishi, na misiba ilifuatana. Hakugomba. Alifundisha mpaka mwisho wa muhula, akatuandikia barua fupi ya adabu, akaenda. Watoto 44 walikaa wiki tano wakilindwa na mama mmoja wa kujitolea, nao walikuwa wakimwuliza kila asubuhi mwalimu atarudi lini. Twakiri kwamba kosa ni letu sisi wa Halmashauri, wala si la mtu mwingine.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu.

Kwanza, mshahara wa mwalimu uwe na mfuko wake peke yake, usioguswa hata kwa jambo jema namna gani. Twajua ni vigumu kusema hivi mbele ya wafiwa. Lakini maiti husitiriwa na wengi, jamaa na majirani, na mtoto huyu hana mchango mwingine ila wetu. Twaomba kila mwanachama aongeze kidogo katika ada yake ya mwezi kwa ajili hiyo.

Pili, tutume wazee watatu kwenye vikao vya wananchi juu ya bajeti ya Kaunti. Sheria yataka makadirio ya fedha yafikishwe katika Bunge la Kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekuja kulalamika mwezi wa Agosti amechelewa. Wazee wetu wasiulize kuhusu madarasa tu. Waulize ni walimu wangapi wataajiriwa, kwa mkataba wa muda gani, na kwa mshahara gani.

Tatu, siku Kaunti itakapokuwa tayari kumwajiri mwalimu wetu kwa masharti ya haki, tusishindane nayo kwa kupenda jina letu mlangoni. Sisi tulishika mzigo huu kwa kuwa hapakuwa na wa kuushika.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Tulimwahidi mtoto shule, na shule ya mtoto wa miaka minne ni mtu anayemjua kwa jina, atakayemkuta hapo kesho asubuhi. Tulimpata mwalimu mpya mwezi wa pili, naye ameketi nyuma ya ukumbi huu akitusikiliza. Twaomba, Bwana Mwenyekiti, kura ipigwe yeye akiwapo.