Desturi za Wageni katika Bunge la Uingereza



Katika mji wa London, Baraza la Wajumbe waliochaguliwa na raia lina roshani juu, na watu huketi humo kusikiliza. Sharti zake ni hizi: mgeni anyamaze, asipige makofi, asiwasifu wala kuwakemea wanaonena. Avunjaye sharti hutolewa nje.

Zamani mjumbe mmoja tu aliweza kusema kwamba anaona wageni, na wote wakatolewa. Mwaka 1875 Bwana Joseph Biggar alisema hivyo, na mwana wa Malkia Victoria, mrithi wa ufalme, alikuwamo roshanini. Naye akatoka pamoja na wengine. Mwaka ule ule ikaamriwa kwamba neno la mjumbe mmoja halitoshi tena: sharti wajumbe wapige kura, au Spika mwenyewe aamuru.

Basi fahamuni maana yake. Mgeni hunyamaza ili shauri lisiharibike, nao wajumbe humwachia mlango wazi kwa sababu shauri ni lake pia. Anenaye mbele ya wasikilizaji hupima maneno yake. Nanyi wenye mabaraza, msimfukuze upesi mtu aketiye kimya akisikiliza.