Mtu Anayeleta Chai

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya sinema. Najua wako watakaosema kwamba sinema ni starehe tu, na mtu aliyerudi kazini amechoka hana haja ya kuhubiriwa. Nakubali. Mimi mwenyewe hupenda sinema za kila aina, za mapigano, za mapenzi na za kuchekesha. Lakini starehe nayo hufundisha, tena pengine hufundisha kuliko darasa, kwa sababu mwanafunzi hajui kuwa anafundishwa.

Kwa hiyo ninacho kipimo changu. Sianzi na nyota wa sinema. Namtazama kwanza yule anayeleta chai, anayefungua lango, anayebeba mizigo. Nauliza mambo matatu. Je, ana jina? Je, kuna kitu anachokitaka? Je, kuna uamuzi wowote anaoufanya yeye mwenyewe?

Tuanze na Hatari!, sinema ya Kimarekani ya mwaka 1962 iliyoongozwa na Howard Hawks. Ilipigwa huku kwetu, upande wa Arusha, na hata jina lake ni la Kiswahili. John Wayne na wenzake wanakamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za wanyama. Kwa upande wa picha, haki yake nampa: wachezaji wenyewe wamo ndani ya gari linalomfukuza kifaru, na vumbi lile ni vumbi kweli. Lakini mtafuteni humo Mtanganyika mwenye shauri lake. Wapo wanaosaidia kazi na wapo wanaoimba. Mwanamke mgeni akilea ndovu wachanga, wenyeji wanamwita Mama Tembo na kumfanyia sherehe. Basi, imekwisha. Ndovu wale wana ukaidi wao na vituko vyao; wenyeji hawana hata hivyo. Na nchi hiyo ilikuwa imepata uhuru wake Desemba 1961, miezi michache tu kabla ya sinema kutoka.

Sasa mtaniambia kwamba hayo ni ya zamani. Haya, twende mwaka 1985, kwenye Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyopigwa Kenya na kupata tuzo saba za Oscar. Hapa pana maendeleo. Farah, msimamizi wa nyumba, ana jina, ana heshima, na mchezaji Malick Bowens anaweza kusema mengi kwa jicho tu. Lakini hebu tuikumbuke ile sehemu ambapo Karen Blixen, yaani Meryl Streep, anapiga magoti mbele ya gavana akiwaombea Wakikuyu ardhi. Ni sehemu inayogusa. Mimi nilipoiona nilijiuliza: wenye ardhi wako wapi? Ardhi ni yao, shida ni yao, lakini machozi na magoti amepewa mgeni. Mtu mwema akisema badala yako kila siku, mwishowe watu hudhani huna ulimi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Mzungu hawezi kutengeneza sinema ya watu wadogo. Vittorio De Sica wa Italia alifanya hivyo mwaka 1948 katika sinema ya wezi wa baiskeli. Hadithi yenyewe ingeweza kutokea Tandika au Mwanza. Baba wa Roma hana kazi. Anapata kazi ya kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Mke anatoa mashuka ya kitandani wayaweke rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza kazini, inaibwa. Baba na mwanawe wanazunguka mji mzima kuitafuta, mpaka baba anashawishika kuiba ya mtu mwingine, naye anakamatwa mtoto akiona. Aliyecheza nafasi ya baba hakuwa mchezaji wa kazi hiyo. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Katika sinema ile yule ambaye kwingine angepita nyuma ya nyota amesogezwa mbele, naye anaamua, na uamuzi wake unatuuma kama wa ndugu yetu.

Iko pia ile filamu ya mwaka 2004 ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, juu ya sangara wa Ziwa Victoria. Mnakumbuka kelele zake. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani. Nami naona ina kasoro kubwa: inadokeza juu ya silaha zinazoletwa na ndege, lakini hatuonyeshwi silaha ikishushwa Mwanza. Kudokeza si kuthibitisha. Hata hivyo yumo mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelipwa dola moja kwa usiku, ambaye anasema vita ingemfaa kwa kuwa askari hulipwa vizuri. Huyo ana neno lake mwenyewe. Tulibishana sana juu ya sifa ya nchi. Laiti tungebishana nusu ya hivyo juu ya ujira wa mlinzi. Lakini mwongozaji naye alituonyesha waliokula mapanki na hakutuonyesha ya kutosha watu wa ziwa hilo wanaojenga, wanaosomesha na wanaocheka. Mtu hawi jeraha tu.

Na sisi wenyewe je? Mwaka ule ule wa 1985 Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill walitoa Arusi ya Mariamu. Ni filamu fupi, dakika 36 tu. Mwanamke kijana anaugua, hospitali haijampa nafuu, naye anawaogopa waganga wa jadi. Hakuna simba wala machweo ya jua ya kupendeza watalii. Lipo swali moja tu, kama Mariamu ataishinda hofu yake, na swali hilo ni lake yeye. Mwaka 2021 Amil Shivji akatupa Vuta N'kuvute kutoka kitabu cha Adam Shafi. Naona mara nyingine picha zake ni nzuri mno, hata dhiki inang'aa. Lakini Yasmini, aliyeozwa mume mzee katika Unguja ya wakoloni, anaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Hakungoja wa kumpigia magoti.

Lakini tusijipongeze mapema. Tazameni nyingi ya filamu zetu za video zilizojaa madukani tangu miaka ya 2000. Sebule kubwa, makochi makubwa, gari linaingia, honi inapigwa. Nani anafungua lango? Mlinzi mwenye lafudhi ya kuchekesha. Nani analeta chai? Msichana wa kazi, ambaye anatukanwa, tunacheka, anatoka. Jina hana, ama anaitwa "dada" tu. Howard Hawks hakuwepo hapo. Tumeyafanya wenyewe, kwa lugha yetu.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Katika nyumba nyingi zenye televisheni, msichana wa kazi huketi sakafuni au husimama mlangoni, akitazama filamu hiyo hiyo pamoja na watoto anaowalea. Watoto wanajifunza namna ya kumwita. Yeye anajifunza namna anavyoonekana.

Basi ndugu zangu, safari ijayo mkiwasha video, starehekeni, lakini akipita mtu mwenye sinia, msimwachie macho mpaka atoke. Na ninyi mnaotunga filamu, mpeni jina, na mumpe jambo moja la kuamua. Haliongezi gharama hata senti moja.